Upande wa Nje wa Kioo

Kazi ya Mratibu ilikuwa kuhakikisha mtu asife peke yake. Yeye ndiye aliyejua apigiwe nani ili mashine ya oksijeni ifike kabla ya jua kuzama, nani ana kitanda cha kuinuka kichwani, na yupi kati ya akina mama wa kujitolea anaweza kukaa na mgonjwa bila kumchosha kwa maneno. Watu wengi waliagana vizuri na wapendwa wao kwa sababu yake, na wengi wao wakimkuta sokoni hawamkumbuki hata sura. Hilo halikuwahi kumsumbua. Kilichomsumbua mchana ule ni kwamba alikuwa amekaa kwenye ngazi za baraza ya nyumba ya watu, mkoba magotini, amekatazwa kuingia ndani, na humo ndani alikuwemo mwanamume pekee aliyewahi kumpenda, anakufa.

Mlango ukafunguliwa. Akatoka muuguzi, mama wa makamo ambaye mtaa mzima ulimwita Bibi Sindano, huku anavua glovu.

"Vipi?" Mratibu akauliza.

"Vipi nini? Unajua mwenyewe." Bibi Sindano akaketi kando yake kwa kishindo. "Dawa ya maumivu nimemwongezea, sasa amepata nafuu kidogo. Lakini miguu imeanza kupoa. Sidhani kama..."

"Sema tu."

"Sidhani kama kesho itamkuta, mwanangu."

Mratibu akatazama viatu vyake. Maneno hayo alishayasema yeye mwenyewe kwa familia nyingi, tena kwa sauti hiyohiyo ya upole, na siku zote alijiuliza yanaingiaje masikioni mwa mtu. Sasa akajua. Hayaingii. Yanabaki mlangoni kama yeye.

"Mama yake umemwambia?"

"Nimwambie mara ngapi? Anasema mwanawe amechoka tu, akipata supu atanyanyuka. Supu! Mtu hata mate hamezi!" Bibi Sindano akatikisa kichwa. "Mficha maradhi, kifo humuumbua. Na wewe nawe! Ungemwachia mwenzako nyumba hii. Si wewe unayewafundisha wapya kwamba mwenye moyo wake kwa mgonjwa asishike usukani?"

"Mwenzangu angekiacha kitanda kule chumba cha nyuma alikokitaka mama yake."

Bibi Sindano akageuka kutazama dirisha kubwa la sebuleni, kitanda kilipohamishiwa. Akaelewa. Kisha akamgusa bega, akachukua mkoba wake wa dawa, akaenda kwa mgonjwa mwingine.

Dirisha lile Fundi Kioo, huyo mgonjwa, alilikata mwenyewe. Hakuna duka la maana mtaani ambalo kioo chake hakikupita mikononi mwake, lakini hili la kwao alilikata kwa mapenzi: kipande kimoja kikubwa, na kando yake kijidirisha chembamba cha kufunguka. Mratibu alipoapishwa na mama mtu kwamba hatakanyaga ndani, alichoomba kwa simu ni kitu kimoja tu, kitanda kiletwe mbele, "mgonjwa apate hewa." Hewa ilikuwa ya kweli. Lakini na yeye alitaka kumwona.

Kisa cha kukatazwa kilianza zamani, siku ya kifo cha baba yake Fundi. Mratibu alikuwa mgeni kazini, bado anaogopa hata kubisha hodi. Yule mama alikuwa amemuuguza mumewe bila kufumba jicho, na mchana mmoja usingizi ukamwangusha palepale kwenye mkeka, kando ya kitanda. Pumzi za mzee zikaanza kubadilika. Mratibu akamtazama yule mama alivyolala kinywa wazi kama mtoto, akamwonea huruma. Akasema moyoni, muda bado upo, acha apumzike kidogo. Muda haukuwepo. Mzee alikata roho mkono wake ukiwa mkononi mwa msichana asiyemjua, na mkewe akaamka akiwa mjane.

Tangu hapo, somo la kwanza analowapa wapya ni hili: aliyelala huamshwa. Haijalishi amechoka vipi, aamshwe.

Lakini somo halikumfuta machozi yule mama. Na kwa kuwa mapenzi hayana adabu, mwanawe akaanza kuja ofisini kwa Mratibu kubadilisha kioo ambacho hakikuwa kimevunjika. Alikuja tena na tena, hadi wenzake wakaanza kucheka, na yeye mwenyewe akaanza kuvaa vizuri. Siku Fundi alipomwambia mama yake kwamba anataka kuoa, mama alikaa kizingitini akasema, "Chagua. Mimi, au aliyeninyima kumuaga baba yako."

Fundi hakuchagua. Alisema, "Tumpe mama muda. Subira yavuta heri." Wakampa muda. Subira ikavuta, ikavuta, na ilichokivuta mwishowe ni saratani ya ini.

Tok, tok. Ukucha juu ya kioo.

Mratibu akainuka haraka. Fundi Kioo alikuwa amelalia mito, macho ya njano, mashavu yamebonyea, lakini lile tabasamu la upande mmoja lilikuwa lilelile. Mratibu akasogea kwenye kijidirisha chembamba.

"Bosi," Fundi akaita. Hakuwahi kumwita jina jingine. "Mbona umekaa kama uliyefukuzwa shule?"

"Si nimefukuzwa kweli. Mama yuko wapi?"

"Nyuma, anafua mashuka. Tangu asubuhi nakuona na simu. Unampangia nani safari?"

"Wagonjwa ni wengi, usijione uko peke yako."

"Ukidanganya unashika sikio."

Mratibu akaushusha mkono. Wakacheka kidogo, kicheko cha Fundi kikageuka kikohozi, na yeye nje akabana chuma cha dirisha asiweze hata kumpigapiga mgongo.

"Nikuulize kitu?" Fundi akasema alipotulia.

"Usiniulize."

"Nitapona?"

"Nimemwapia mama yako kwamba sitakujibu hilo."

"Ukimwapia mtu kwamba hutajibu, umeshajibu, Bosi." Hakushtuka. Alionekana kama mtu aliyetuliwa mzigo. "Unajua kinachonichosha? Kumwigizia mama. Anaingia, 'Leo umeamka vizuri mwanangu.' Nami, 'Vizuri sana mama.' Nitakufa katikati ya mchezo huu wa kuigiza."

"Basi mwambie ukweli."

"Wewe ndiye fundi wa kuwaambia watu."

"Na wewe ndiye fundi wa kumwogopa mama yako!"

Neno lilimponyoka. Alitaka kulirudisha, lakini maji yakimwagika hayazoleki, basi akayamwaga yote. "Sasa hivi ningekuwa humo ndani, nimekaa kitandani kwako, na hakuna ambaye angeniuliza naenda wapi. Ningekuwa mkeo! Ulisema tusubiri. Haya, tumesubiri. Tumepata nini?"

Fundi akafumba macho. Chozi likamtoka likaingia sikioni, na hakuwa na nguvu ya kulifuta. Mratibu naye hakuwa na mkono wa kulifikia.

"Kioo ukishakichora mstari," Fundi akasema polepole, "unakivunja palepale, mkono mmoja, bila woga. Ukisita kinapasuka kokote kinakotaka. Kila kijana niliyemfundisha kazi nimemwambia hivyo. Mimi mwenyewe nilisita. Nisamehe."

"Nilishakusamehe. Hasira ndiyo haijapata habari."

"Ingia basi."

"Siwezi. Nimeapa."

"Nakuomba, Bosi. Sitaki kukushika kwa macho tu."

Sauti ya kandambili ikasikika ukumbini. Mratibu akarudi nyuma, mtu mzima mwenye mvi mbili tatu anakimbia dirishani kama msichana aliyefumaniwa na babake.

Mama yake Fundi alitoka na beseni la mashuka. Alikuwa mdogo wa mwili, mkavu, macho mekundu kwa kukosa usingizi. Akaanza kuanika kwenye kamba ya barazani kana kwamba hakuna mtu.

"Shikamoo mama."

"Marahaba," akajibu kwa mazoea, kisha akakunja uso kama aliyejuta.

"Mama, nimekutafutia mtu wa kukaa naye kidogo. Mama mtu mzima kama wewe, mpole. Yuko njiani. Ulale hata kidogo tu."

"Ng'ombe haelemewi na nundu yake."

"Najua, mama. Ila ukianguka wewe..."

"Unajua nini wewe?" Akalikung'uta shuka, maji yakamrukia Mratibu usoni. "Uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Wewe umezaa?"

"Hapana, mama."

Wote wawili walijua kwa nini. Yule mama akageukia kamba, akabana shuka kwa vibanio.

"Nikilala ataondoka," akasema kwa sauti ya chini. "Nililala mara moja tu katika maisha yangu. Wewe ulikuwepo."

"Nilikuwepo. Na sijaacha kujuta."

"Majuto yako hayanipikii wala hayanifulii." Akachukua beseni. "Na ole wako umwambie mwanangu maneno ya kufa. Mwanangu anapona."

Akaingia, mlango ukafungwa. Haukupita muda mrefu simu ikalia. Ni yule mama wa kujitolea. Nyumba aliyokuwa amefikia kwanza ilikuwa imefiwa, hakuweza kuwaacha wenyewe wanagaagaa. Mratibu akamwambia asijali. Akajaribu wengine, wa kwanza yuko mbali, wa pili mwenyewe anaumwa. Ustadi wake wote wa kuwapanga watu ulimwishia hapo kwenye ngazi.

Alipotazama tena dirishani, alimwona yule mama kwenye kiti karibu na mlango wa jikoni, kichwa kimeangukia bega, beseni tupu mapajani. Usingizi umemchukua kwa nguvu. Na Fundi alikuwa anajaribu kufikia kikombe kwenye stuli, vidole vinapapasa hewa.

Mratibu hakukata shauri lolote. Miguu ndiyo iliyokata. Alivua viatu, akasukuma mlango, akavuka kile kizingiti.

Akachovya pamba kwenye maji, akamlowesha midomo. Akakaa ukingoni mwa kitanda, akaushika mkono wake kwa mikono yake yote miwili. Ulikuwa mwepesi, una makovu madogomadogo ya vipande vya vioo, na yote aliyajua. Fundi alimtazama tu, namna mtu anavyotazama nyumba aliyoijenga akilini akaikosa mjini.

"Umechelewa," hatimaye akanong'ona.

"Foleni ilikuwa ndefu."

"Nikuoe?"

"Wewe nawe, hata hivi huachi utani."

"Si utani. Wewe sema ndiyo tu. Mengine sina muda nayo."

Mratibu akalia bila sauti, kwa sababu ya yule aliyelala. "Ndiyo," akasema.

"Haya, mke wangu." Akavuta pumzi. "Mke wangu. Nilikuwa nataka nilisikie linavyotoka."

Mratibu akainamisha kichwa chake kifuani pa Fundi, taratibu, asimuumize. Kwa mara ya kwanza tangu ugonjwa uanze hakuwa Mratibu wa mtu yeyote. Hakuhesabu dawa, hakusikiliza mlango. Alisikia moyo wake tu. Na kwa kuwa alikuwa na masikio ya kazi yake, masikio ambayo hata mapenzi hayawezi kuyaziba, akasikia na kingine. Pumzi imeenda, imekaa mbali, imerudi. Imeenda tena. Imekaa mbali zaidi.

Akainua kichwa. Akayagusa magoti ya Fundi chini ya shuka. Baridi ilikuwa imeshafika pale.

Fundi alimwona usoni. "Ni sasa?"

Hapa hakukuwa na kiapo tena. "Ni sasa, mpenzi."

"Usimwamshe."

"Fundi..."

"Usimwamshe. Akiamka atakutoa." Vidole vyake vikambana, kwa nguvu ambayo hakujua imetoka wapi. "Maisha yote nilikuwa wake. Huku kufa tu niwe wako. Nakuomba."

Mratibu akamtazama yule mama kitini. Kinywa wazi, mashavu yamelegea, kama siku ile kwenye mkeka. Hakuna ambaye angejua. Angesema alimkuta ameshatulia. Angeshika sikio, lakini yule mama hakuijua siri ya sikio. Kitu pekee alichowahi kukitaka duniani kilikuwa mkononi mwake, kinamwomba abaki nacho, na ili akipate alihitajika kufanya jambo moja jepesi kuliko yote: kukaa kimya.

Pumzi ikaenda, ikakaa mbali, ikarudi.

Akambusu kwenye paji la uso, kisha midomoni, palipolowa bado kwa maji ya pamba. "Nisamehe wewe sasa," akamwambia. Akavichomoa vidole vyake kimoja kimoja, akavuka chumba, akapiga magoti mbele ya kile kiti.

"Mama. Mama, amka. Ni sasa."

Yule mama akafumbua macho. Akamwona nani yuko mbele yake, tena ndani ya nyumba yake, na beseni likaanguka chini kwa kelele. "Wewe! Nani amekuruhusu..."

"Utanitukana baadaye. Muda upo, lakini ni mdogo. Njoo umshike."

Supu, kupona, kunyanyuka, vyote vikamtoka yule mama usoni kwa mara moja. Akainuka, akayumba, Mratibu akamshika kiwiko hadi kitandani. Akamwekea mkono wa mwanawe mkononi.

"Mwanangu," mama akasema. "Mwanangu mimi hapa."

"Mama," Fundi akajibu. "Mimi sijambo, mama." Hata hapo alikuwa anamwigizia. Lakini macho yake yalikuwa yanamtazama mwingine, aliyesimama miguuni pa kitanda.

Yule mama akayafuata macho hayo. Hakupandisha sauti. "Toka," akasema.

Mratibu angeweza kukataa. Lakini kelele zingekuwa kitu cha mwisho Fundi kukisikia, na hilo hakulitaka. Akatoka. Hakuvaa viatu. Akazunguka hadi dirishani, akaweka kiganja kwenye kioo, akatafuta ule uso.

Hakuuona. Mama alikuwa amemwinamia mwanawe, amemkumbatia mwili mzima, na kilichoonekana ni mgongo wake mdogo tu katika gauni la kushindia. Ule mgongo ulikuwa unasema maneno, unabembeleza, unasogea huku na huku. Mratibu akajaribu upande wa kushoto, akajaribu wa kulia. Popote aliposogea, mgongo ulikuwepo. Kisha ukaacha kusogea.

Akabaki pale hadi alama ya kiganja chake ikafifia kwenye kioo.

Baadaye mlango ukafunguliwa. Yule mama akatoka barazani, amezeeka kwa mchana mmoja. Hakuwa analia, wala hakuwa na hasira; hakuwa na kitu. Akasimama karibu na mashuka yaliyokuwa bado yanadondosha maji.

"Umeniamsha," akasema.

"Ndiyo, mama."

"Ameniambia nisiache dirisha likapata vumbi." Akameza mate. "Nimemuaga."

Mratibu akangoja. Alimwona yule mama anafungua kinywa, akafikiri labda, labda sasa. Akajikuta ameshaegemea mbele kidogo, kama mtoto anayetarajia kuitwa.

"Mpigie shangazi yake," mama akasema. "Mimi sina sauti."

Basi akafungua simu. Hii ilikuwa kazi yake na aliijua vizuri: kwanza mwombe mtu akae, kisha mwambie kwa maneno machache, kisha umsubiri alie, usimkatize. Akamsubiri shangazi alie. Akampa pole. Akamwambia mgonjwa hakuteseka mwishoni, na hakuwa peke yake.

"Ahsante, mwanangu, Mungu akubariki," shangazi akasema kwa kwikwi. "Alikuwa na mama yake?"

"Alikuwa na mama yake."

"Afadhali. Afadhali hakuwa na watu baki." Akapenga kamasi. "Na wewe mwenzangu, sauti yako siijui. Wewe ni nani kwake?"

Mratibu akainua macho. Yule mama alikuwa hatua chache tu kutoka kwake, na shangazi alikuwa na sauti kubwa. Swali alilisikia vizuri. Wakatazamana. Upepo ukalipeperusha shuka kati yao, likarudi mahali pake. Yule mama akashusha macho, akaanza kukinyoosha kibanio kwenye kamba.

Mkono wa Mratibu usioshika simu ulikuwa umeshafika sikioni.

"Mimi ni mratibu wa huduma, shangazi," akasema.

Shangazi akamshukuru kwa kazi nzuri, akakata simu. Mama mtu akamtajia jina la mjomba, na Mratibu akaanza kulitafuta.